Akselereta ya plazma inakula umeme bure? Pita hatua hizi

Akselereta ya plazma ni mashine inayoongezea elektroni nishati kwa wimbi ndani ya plazma, yaani gesi iliyopasuliwa kuwa elektroni na ayoni. Watu wakisikia plazma wanakimbilia kuuliza inasukuma kwa nguvu gani, na kweli inasukuma, pale maabara ya SLAC Marekani mwaka 2007 elektroni zilizoingia na GeV 42 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe) chache kati yake zilitoka na karibu mara mbili ndani ya sentimita 85 tu. Sawa, ila ni chache. Nishati nyingine ilienda wapi?

Hatua ya 1: hesabu vipande vitatu. Toka soketi hadi fungu la mbele la elektroni (ndilo linatengeneza wimbi), toka fungu la mbele hadi plazma, toka plazma hadi fungu la nyuma (ndilo linapanda wimbi na kupata nishati). Unazidisha, hujumlishi, kwa hiyo asilimia 50 mara asilimia 40 unabaki na 20. Kama unasukuma kwa leza ya titani na safaya badala ya fungu la mbele, kipande cha kwanza peke yake kiko chini ya asilimia 1, hapo usihangaike na mengine kwanza.

Hatua ya 2: kamua fungu la mbele. Chelewesha au wahisha elektroni baada ya kupiga umeme kwenye gesi (ndio unaigeuza kuwa plazma), densiti ya plazma, yaani msongamano wake, itabadilika, halafu angalia skrini ya spektromita, kifaa kinachotandaza elektroni kwa nishati zao. Maabara ya DESY kule Hamburg waliripoti 2024 kwamba fungu la mbele liliachia asilimia 57 ya nishati yake. Ukiona elektroni zilizoishiwa zinaanza kupanda nishati tena, simama, zimerudi nyuma na sasa zinakunywa wimbi ulilolilipia.

Hatua ya 3: hapa ndo kazi ilipo. Weka fungu la nyuma, anza na chaji ndogo. Kwenye skrini utaona mstari umepanda lakini umetanuka, kwa sababu mkia wa fungu unasukumwa zaidi kuliko kichwa, na wimbi limebaki na nishati kibao. Ongeza chaji kidogo kidogo, sogeza umbali kati ya mafungu kwa maikroni chache, mstari unaanza kukonda. Ukizidisha unatanuka tena, safari hii mkia ndo unabaki nyuma, basi rudi kidogo. Kwa njia hii DESY walifika asilimia 42 mwaka 2021, yaani kipande cha tatu, na tofauti ya nishati ndani ya fungu haikuharibika. Ufanisi wenyewe: nishati iliyopata fungu la nyuma, gawa kwa iliyopoteza la mbele, na pima kwanza plazma ikiwa imezimwa, bila hiyo namba yako haina maana.

Hatua ya 4: panga mafungu yote mawili kwenye mstari mmoja. Kadiri unavyonyonya wimbi ndivyo fungu la nyuma linavyotikisika pembeni likikaa upande hata kidogo tu. Binafsi nachukua asilimia chache pungufu kuliko boriti (mkondo wa elektroni) inayoyumba.

Hatua ya 5: joto. Nishati isiyochukuliwa inabaki kwenye plazma na mwishowe inapasha kuta za seli. Plazma ya gesi ya agoni ilionyeshwa 2022 kutulia ndani ya nanosekunde 63 baada ya wimbi, kwa hiyo kurudia haraka inawezekana, ila kipozeo cha seli kipange mapema kabla hujapandisha kasi ya kurudia.