Noah ya Namba ya Njano na Abiria wa Kulipa: Kupata Kibali cha Muda Ukiwa Mwanza

Una Noah yako binafsi, namba ya njano. Jirani amefiwa Igoma, mazishi yako Bunda, na kamati ya msiba inakuambia: "Tutakulipa, tupelekee watu." Au ni harusi, upande wa bibi harusi wako Sengerema na Coaster ya shule imekaa bure Jumamosi. Je, unaruhusiwa? Unaruhusiwa, ila uwe na kibali. Gari binafsi likibeba abiria kwa malipo bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Leseni za Usafirishaji, Sura ya 317, hata kama safari ni moja tu na hata kama waliokodi ni watu wa kanisani kwako.

Mtoaji wa kibali ni LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Wazee wengi wa kazi hii bado wanaiita SUMATRA, lakini upande wa magari SUMATRA ilishaondoka tangu 2019.

Nafanya kazi ya kukodisha magari ya abiria hapa mjini, na kila mtu anayenipigia simu kuhusu jambo hili anaanza na swali lilelile: "Ofisi ya LATRA iko wapi?" Hapo ndipo mnapopotea. LATRA ni kituo cha mwisho. Ukianzia huko utarudishwa bima, kutoka bima utarudishwa kwa mkaguzi, na msiba hautakusubiri. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, jiulize kama unahitaji kibali

Ukibeba mke, watoto, shangazi na mama mkwe kwenda Magu na hakuna anayekulipa, hiyo ni safari ya familia. Endelea na safari zako.

Kesi ngumu ni ile ya "tunachangia mafuta tu". Nimeona wengi wakiitegemea sana kuliko inavyostahili. Askari akisimamisha gari hakuulizi wewe, kwa sababu anajua utasema nini. Anazunguka upande wa abiria, anainama dirishani kwa mama wa siti ya nyuma: "Shikamoo mama. Mnatoka wapi? Nauli mmetoa shilingi ngapi?" Mama ni mtu mkweli, anatoka msibani, anataja bei. Ukipokea pesa kwa kichwa, au umekubaliana bei na kamati, chukulia kwamba umekodiwa.

Pili, bima

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari kubwa na ndipo watu wanapopita haraka.

Bima uliyokata kwa gari binafsi imeandikwa kwa matumizi binafsi. Haijalishi kama ni bima kubwa au ile ndogo ya watu wengine. Chukua hati yenyewe, usiangalie tarehe peke yake, tafuta sehemu inayoeleza matumizi ya gari. Mara nyingi utakuta imeandikwa wazi kwamba haihusu kubeba abiria kwa malipo. Maana yake ni kwamba ukipata ajali pale Lamadi ukiwa na abiria saba wa kukodi, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na kibali cha LATRA mfukoni mwako hakibadilishi kitu kwenye mkataba huo. Gharama za hospitali za watu saba zitakutafuta wewe na nyumba yako.

Nenda kwa wakala aliyekukatia au kwenye kampuni yenyewe. Waambie: gari hili nataka libebe abiria kwa malipo kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, abiria ni wangapi, njia ni ipi. Watakuambia kama wanaongeza kipengele kwenye bima iliyopo au wanakukatia nyingine ya biashara. Utaongeza pesa, na ndiyo sababu nasema upige hesabu ya bei ya kukodi baada ya kutoka kwa watu wa bima. Mwenye Noah aliyekubaliana bei na kamati kabla ya kwenda bima huishia kuifanya safari kwa hasara, au huamua kuiacha bima ilivyo. La pili ndilo baya zaidi.

Ukishapewa hati mpya, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tovuti ni tiramis.tira.go.tz. Unaingiza namba ya gari, unaona bima inasomeka au haisomeki. Kama haisomeki, rudi kwa wakala siku hiyohiyo. Usikubali neno la "itasoma kesho".

Tatu, dereva

Leseni ya daraja B au D haitoshi kubeba abiria wa kulipa. Magari ya abiria yako daraja C, na ndani yake kuna ngazi kulingana na idadi ya watu: C3 ni abiria chini ya wanne, C2 ni kuanzia wanne lakini chini ya 15, C1 ni kuanzia 15 lakini chini ya 30, na C yenyewe ni kwa mabasi ya abiria 30 na kuendelea. Kwa hiyo Noah inahitaji mtu wa C2, na Coaster inahitaji C1.

Kama leseni yako haina daraja hilo, usijidanganye kwamba umeendesha Mwanza mpaka Musoma miaka kumi bila ajali. Tafuta dereva mwenye daraja, mlipe posho yake, wewe kaa kiti cha mbele uwe msimamizi. Ni siti moja umeipoteza, lakini umelala usingizi.

Nne, ukaguzi wa gari

Peleka gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani. Kabla ya kwenda, fanya ukaguzi wako mwenyewe: matairi, breki, taa zote pamoja na za nyuma, wipa, mikanda ya siti zote, kizima moto ambacho hakijaisha muda, na pembetatu mbili za tahadhari. Mikanda ndiyo inayowaangusha wenye Noah. Ya siti ya nyuma kabisa mara nyingi imezama chini ya kiti, na imebanwa na vifuniko vya siti vilivyoshonwa vizuri kwa ajili ya urembo. Itoe juu, ivute, ifunge, uone kama inashika.

Siku hiyohiyo angalia kama gari linadaiwa faini za barabarani. Mfumo wa polisi uko tms.tpf.go.tz, unaweka namba ya gari tu. Ukikuta deni, lilipe kwanza.

Tano, andika safari yako vizuri

Kibali cha muda ni cha gari moja, njia moja na tarehe zilizotajwa. Kile ulichoandika ndicho utakachosomewa barabarani. Kwa hiyo kabla ya kufungua mfumo wa maombi wa LATRA, kaa chini na karatasi.

Njia iandike kwa miji inayopitiwa. Safari ya Geita siku hizi ni nyepesi: Mwanza, Usagara, Kigongo, unavuka Daraja la J.P. Magufuli, Busisi, Sengerema, Geita. Tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025 hakuna tena kukesha kwenye foleni ya kivuko na abiria wanaolalamika njaa.

Inayowachanganya watu ni Ukerewe. Ukerewe ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, basi mtu anaandika "ndani ya mkoa" na anaona amemaliza. Lakini gari haliogelei. Ukienda Nansio kwa barabara unapita Magu, unaingia Lamadi ambayo ni Simiyu, unafika Bunda ambayo ni Mara, unakata kushoto hadi Kisorya, ndipo unapanda kivuko cha kwenda Rugezi. Umetoka Mwanza, umepita mikoa miwili, umerudi Mwanza. Yote hayo yaandikwe. Kama abiria wako hawana mizigo mingi, kusema kweli ningewashauri wapande meli mjini na gari ulipumzishe.

Kuhusu tarehe, hesabu na usiku. Misafara ya misiba ya kwetu huondoka saa nne usiku Ijumaa, watu wanafika alfajiri, wanazika mchana, wanakula, wazee wanaongea, gari linarudi saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa kibali, saa nane hiyo tayari ni Jumapili. Ukiandika Ijumaa na Jumamosi tu, safari ya kurudi haina karatasi. Mimi huongeza siku moja mbele, kwa sababu mzee mmoja lazima ataomba msubiri kikao cha ukoo.

Idadi ya abiria ifuate kadi ya gari. Kadi ikisema watu wanane, ni saba na dereva. Watoto wa kupakatwa wahesabu mapema na kamati, wasikushtukize mlangoni.

Sita, omba LATRA

Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa LATRA unaoitwa RRIMS, na kiungo chake kiko kwenye tovuti ya latra.go.tz. Fungua akaunti kwa jina la mwenye gari kama lilivyo kwenye kadi. Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, hapo umekwama, na dawa yake ni kuhamisha umiliki TRA.

Faili ninaloliandaa mimi lina kadi ya gari, hati ya bima iliyorekebishwa, ripoti ya ukaguzi, leseni ya dereva, namba ya NIDA na TIN ya mwenye gari, pamoja na makubaliano mafupi ya kukodi: nani anakodi, simu yake, anatoka wapi anaenda wapi, siku gani, kiasi gani, sahihi mbili. Piga picha zinazosomeka, mchana, karatasi ikiwa imelala mezani. Picha zilizopigwa juu ya goti ndani ya gari ndizo zinazorudishwa.

Mfumo ukikubali utapata namba ya malipo ya serikali. Lipa kwa simu au benki kwa namba hiyo peke yake, kiasi kilekile kilichoandikwa. Ukiona mtu nje ya ofisi anakuambia mtumie yeye "atakuharakishia", huyo ni kishoka. Ukikwama, ingia ndani ya ofisi ya mkoa uongee na ofisa, wanasaidia.

Jambo moja ambalo limeniokoa mara nyingi: usisubiri mtu afe ndipo uanze. Kama unajua gari lako huombwa ombwa, weka bima, dereva na ukaguzi tayari muda wote. Simu ikilia Alhamisi jioni, utakuwa umebakiza kuandika safari, kuomba na kulipa tu. Ijumaa asubuhi unamaliza. Anayeanza kutafuta mkaguzi Ijumaa mchana atasafiri bila kibali au hatasafiri.

Saba, barabarani

Chapisha kibali, usitegemee simu iliyobaki chaji asilimia tano. Kabla ya kuondoka linganisha namba ya gari, tarehe na njia, herufi kwa herufi. Beba na orodha ya majina ya abiria. Askari akisimamisha, dereva akabidhi karatasi zote kwa pamoja, abiria wawe wameambiwa ukweli mmoja: tumekodi, kibali kipo.

Kibali hiki hakikupi ruhusa ya kuegesha Nyegezi au Nyamhongolo na kuita abiria. Utakuwa umegeuka mchomoko, yaani gari la kuokota abiria bila leseni ya njia, na wenye leseni za njia hiyo hawatakuangalia tu. Vilevile ukishawashusha Bunda, jaribu la kuokota abiria unaporudi tupu ni kubwa. Watu wanapunga mkono Lamadi, Magu, Kisesa, kila mmoja na elfu zake mkononi. Wapite. Bei ya kurudi tupu uiweke kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Na kama ni msiba, mwili usiuweke kwenye Noah ya waombolezaji. Kusafirisha maiti kuna taratibu na vibali vyake, na watu wa mochwari watawaelekeza kamati.

Ukiona unaomba kila wikiendi

Basi wewe ni msafirishaji. Badilisha usajili TRA utoke namba ya njano uingie nyeupe, kata bima ya biashara ya mwaka, kisha uombe leseni kamili ya LATRA ya magari ya kukodi. Wenye gari dogo wanaotaka teksi mtandao nao wana leseni yao. Jumlisha ulicholipa kwa vibali, nyongeza za bima na posho za madereva katika miezi mitatu iliyopita, ukilinganishe na gharama za mwaka mzima, kisha uamue kabla ya Desemba, kwa sababu mwisho wa mwaka kila mtu anataka gari la kwenda kijijini na foleni ya maombi inakuwa ndefu.