Kabla Hujageuza Pikipiki Kuukuu ya Barabarani Kuwa ya Safari za Porini

Kabla hujanunua hata bolti moja, amua pikipiki hiyo itapita wapi na itabeba nini. Anayekusudia njia za changarawe zilizoshindiliwa, akiwa peke yake na begi moja, hahitaji kazi anayoihitaji mtu atakayepanda mawe akiwa na masanduku mawili ya chuma na abiria nyuma. Wengi huanza na tairi za meno na taa za ziada kwa sababu ndizo zinazoonekana, kisha fedha zinakwisha kabla ya kufikia yale yanayomrudisha mtu nyumbani salama.

Anza na fremu. Ioshe mpaka ing'ae, kisha uikague kwa taa kali, hasa kwenye shingo ya usukani na kila mahali palipochomelewa, kwa kuwa ufa mwembamba mara nyingi hujitokeza kama mstari wa kutu juu ya rangi. Beringi za shingo na za mkono wa gurudumu la nyuma zibadilishwe zikiwa na mchezo wowote. Mipira ya kupitishia mafuta ya breki iliyozeeka itupwe. Injini inayovuja oili itengenezwe kwanza. Usijenge safari juu yake.

Tambua pia kwamba kazi hii ina mantiki yake na haiishii kwenye mwonekano. BMW walipotoa R 80 G/S mwaka 1980, walitumia injini ya silinda mbili ya ukoo uleule wa pikipiki zao za barabarani, lakini mbele waliweka gurudumu la inchi 21 pamoja na shokapu zenye mwendo wa milimita 200, na mwaka uliofuata pikipiki ya aina hiyo ikashinda mbio za Paris-Dakar. Gurudumu kubwa na shokapu ndefu vilikwenda pamoja. Anayechukua kimoja na kukiacha kingine anajitengenezea hatari, na hapo ndipo ninapotaka usome polepole.

Mwenzetu mmoja katika safari alikuwa na pikipiki ya barabarani ya zamani aliyoifunga ringi ya inchi 21 na tairi la meno mahali pa ringi ya inchi 19, huku shokapu na madigadi vikibaki vilevile. Ikiwa imesimama, ilipendeza: vidole vilipita kati ya tairi na madigadi bila kubanwa. Aliijaribu kwenye lami na kwenye changarawe, na kote ilikwenda vizuri. Kisha tukafika kwenye mteremko uliokatizwa na mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, wala haukuwa wa kina cha kutisha. Alishika breki ya mbele kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, uzito wote wa pikipiki na mizigo ukaegemea mbele, gurudumu likaingia mferejini, na shokapu zikabonyea mpaka zikagota. Nilikuwa nyuma yake na niliona vizuri: gurudumu halikuteleza wala tairi halikupasuka, liliacha tu kuzunguka, na pikipiki ikapinduka naye. Tulipoinyanyua tulikuta meno ya tairi yameng'ata ukingo wa madigadi ya chuma, yameivuta na kuikunja, nayo imekabwa kati ya tairi na kibanio cha chini kinachoshika shokapu. Ilibidi tuikate kwa koleo ndipo gurudumu likazunguka. Yeye alivunjika mtulinga, na kutoka pale hadi kwa daktari njia ilikuwa ndefu na ya mashimo mwanzo hadi mwisho.

Kilichomwangusha kingeweza kupimwa gereji kabla ya safari. Ringi iliyoongezeka inchi 2 kwa kipenyo hupandisha ukingo wake takriban milimita 25, kabla hata hujahesabu kimo cha tairi lenyewe. Kwa hiyo fanya hivi: itegemeze pikipiki imara chini ya injini, toa springi za shokapu za mbele, kisha sukuma gurudumu juu polepole mpaka shokapu zigote kabisa. Zikiwa zimegota, geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, huku ukipima nafasi kati ya tairi na madigadi, kibanio cha chini, mabomba ya moshi na rejeta kama ipo. Acha nafasi ya ziada, kwa sababu tairi la meno hutanuka kidogo kwa mwendo kasi na hubeba tope na vijiwe. Nafasi isipotosha, ifunge madigadi juu zaidi, karibu na kibanio, ikiwa tairi halitakigusa kibanio chenyewe, au tafuta shokapu ndefu, au rudi kwenye inchi 19, ambayo inatosha kwa njia nyingi za vumbi. Gurudumu la nyuma nalo lipimwe vivyo hivyo, shokapu zikiwa zimefunguliwa.

Kanuni hiyohiyo ya kupima kitu kinapofika mwisho wa mwendo wake inahusu usukani ulioinuliwa. Washa injini, iache ingurume bila kuongeza mafuta, kisha geuza usukani pande zote mbili. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta umevutika na utahitaji mrefu zaidi. Waya wa klachi na mpira wa breki viangaliwe papo hapo. Ukiongeza urefu wa shokapu za nyuma, kaza mnyororo kwa kuangalia pale ambapo ekseli, egemeo la mkono wa nyuma na sproketi ndogo viko mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo mnyororo unapobana kuliko mahali pengine popote.

Umeme uuhesabu. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikuwa na mfumo wa kuchaji wa wati 210, na taa mbili za wati 55 peke yake hula zaidi ya nusu ya kiasi hicho, yaani karibu ampea 9 kwa umeme wa volti 12. Weka relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme ili mkondo mkubwa wa taa usipite kwenye swichi ya usukani, na fyuzi ikae karibu na betri.

Uzito usiukadirie kwa macho. Kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji kinajumuisha dereva, abiria na mizigo, na vyuma vya kubebea masanduku navyo huhesabiwa. Fremu ya nyuma ya pikipiki ya barabarani haikuundwa kuning'inizwa masanduku mazito yanayorushwarushwa kwenye mashimo. Mizigo mizito ikae chini na mbele kadiri inavyowezekana.

Standi ya pembeni irefushwe ikiwa pikipiki imeinuka. Uliza mamlaka ya usajili na kampuni yako ya bima kama mabadiliko hayo yanakubalika, na upate jibu kwa maandishi. Jifunze kutoa tairi na kuziba tyubu ukiwa nyumbani. Jaribu pikipiki ikiwa na mizigo yote karibu na kwako, kisha kagua tena kila bolti na kila spoki, kwa sababu vitu vipya hulegea mwanzoni. Vipuri vya asili ulivyovitoa vihifadhi mpaka utakaporidhika na kazi yote, na usikate chuma chochote cha fremu ambacho huwezi kukirudisha.