Somo: Pesa anazoruhusiwa kukudai wakala wa nyumba England, na zile za kumkatalia

Mwaka 2016 nilisimama mbele ya meza ya wakala mmoja wa nyumba mjini Leicester, mabegi mawili miguuni, akanisogezea karatasi yenye mistari minne. Kukagua historia ya mikopo, pauni 120. Kuandaa mkataba, 150. Kuorodhesha vitu vya ndani, 90. Usimamizi, 60. Jumla 420, na hapo kodi na amana bado hazijatajwa. Nililipa papo hapo. Sisi tuliozoea dalali kuondoka na kodi ya mwezi mzima, niliona huyu mzungu ana huruma.

Leo mistari yote minne imepigwa marufuku. Sheria inaitwa Tenant Fees Act 2019. Ilianza 1 Juni 2019 kwa mikataba mipya, na 1 Juni 2020 ikaikamata mikataba yote. Wageni wengi bado wanalipa kwa mazoea yale yale yangu, na mawakala wachache wanajua hivyo.

Kabla ya hatua, shika jambo moja. Sheria hii haina orodha ya ada zilizokatazwa. Ina orodha fupi ya malipo yaliyoruhusiwa, na kila kisichomo humo hakiruhusiwi, kiitwe jina lolote. Usihangaike kukariri majina ya ada. Wakala akisema "ada ya faili" au "ada ya kukaribisha", muulize tu: hii ni kodi, ni amana, ni bili, au ni nini? Akikosa pa kuiweka, hailipwi.

Na ninaongelea England tu. Uskoti na Welisi nimezigusa kwenye maswali huko chini.

Hatua ya 1: Mjue unayeshughulika naye

Kabla hujaenda kuona chumba, fungua tovuti ya wakala. Ada zake anatakiwa azionyeshe wazi, ofisini na mtandaoni, na aonyeshe pia ni mwanachama wa chombo kipi cha usuluhishi. Kuna viwili: The Property Ombudsman na Property Redress. Kama anashika pesa za wateja, lazima pia awe kwenye mpango wa kuzilinda. Asiyeonyesha hata kimoja, mimi naondoka. Nyumba nzuri haimfanyi mtu awe mwaminifu.

Hatua ya 2: Kishika uchumba

Umeipenda nyumba, wakala anataka pesa ya kuiondoa sokoni. Kwenye karatasi zake itaitwa holding deposit. Hiki ni kishika uchumba kabisa, na kina masharti kuliko watu wanavyodhani.

Hakizidi kodi ya wiki moja. Wakala haruhusiwi kushika vishika uchumba vya watu wawili kwa nyumba moja kwa wakati mmoja. Kuanzia siku aliyopokea, mna siku 15 za kukamilisha mkataba, isipokuwa mmekubaliana kwa maandishi tarehe nyingine. Mkataba ukisainiwa, pesa inarudi kwako ndani ya siku 7, au kwa idhini yako inaingizwa kwenye kodi ya kwanza au kwenye amana. Mwenye nyumba akighairi, inarudi yote.

Wanaweza kubaki nayo kwa sababu nne tu: umeghairi mwenyewe, umetoa taarifa za uongo au za kupotosha, huna haki kisheria ya kupanga nchini, au umezembea (hujibu simu, huleti nyaraka) mpaka muda ukapita. Wakibaki nayo, wakupe sababu kwa maandishi ndani ya siku 7. Wasipotoa sababu, wanatakiwa wairudishe.

Kwa hiyo usilipe nyumba tatu kwa pamoja ukisema utachagua baadaye. Mbili zitakuwa zimekwenda, na hapo sheria iko upande wao.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya amana mwenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea kimyakimya. Amana haizidi kodi ya wiki 5. (Ni wiki 6 kama kodi ya mwaka inafika pauni 50,000, na ukiwa kwenye kundi hilo sidhani kama unasoma hapa.) Swali ni: wiki moja ni shilingi ngapi, yaani pauni ngapi?

Chukua chumba cha pauni 900 kwa mwezi. Wakala mvivu anagawa kwa 4 anapata 225, anazidisha kwa 5, anakuandikia 1,125. Kosa. Mwezi si wiki nne. Unazidisha 900 kwa miezi 12, unapata 10,800, unagawa kwa wiki 52: pauni 207.69 kwa wiki. Mara 5 ni pauni 1,038.46. Tofauti ni pauni 86.54, na hiyo tofauti kisheria ni malipo yaliyokatazwa. Kishika uchumba nacho hakizidi 207.69.

Ukishalipa amana, mwenye nyumba ana siku 30 kuiweka kwenye mpango mmoja kati ya mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits au Tenancy Deposit Scheme, na kukupa maelezo yake. Usingoje barua. Siku ya 31 ingia kwenye tovuti zao tatu utafute jina lako. Ni dakika kumi. Kama haimo, mahakama inaweza kuamuru ulipwe kati ya mara moja na mara tatu ya amana hiyo. Anayepanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe hana kinga hii ya mpango wa amana.

Hatua ya 4: Kodi ya mwezi wa kwanza

Ujanja niliouona mara mbili: kodi ya kila mwezi 850, mwezi wa kwanza 1,000, "kwa sababu ya maandalizi". Sheria iliuona mapema. Kodi ya mwezi wa kwanza ikiwa kubwa kuliko ya miezi inayofuata, ile ziada ni ada iliyofichwa, na imekatazwa.

Halafu kuna sheria mpya, Renters' Rights Act 2025. Kwa mikataba inayoingiwa kuanzia 1 Mei 2026, kodi haidaiwi kabla mkataba haujasainiwa, na baada ya kusaini wakala hawezi kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele. Wale mliolipishwa miezi 6 kwa sababu tu mlikuwa wageni mtaelewa uzito wake.

Hatua ya 5: Kalamu kwenye mkataba

Yanayoweza kuandikwa humo kihalali ni machache. Bili za maji, umeme, intaneti, leseni ya televisheni na kodi ya halmashauri (council tax, si kodi ya nyumba), kama mkataba unasema ni zako. Kubadilisha kitu kwenye mkataba kwa ombi lako, mfano kumwingiza mwenzako: pauni 50, au gharama halisi inayoingia akilini kama imezidi hapo na wakaithibitisha. Kuvunja mkataba mapema: hasara halisi ya mwenye nyumba, si adhabu. Ufunguo uliopotea: gharama halisi, kwa ushahidi.

Kuchelewesha kodi ndiko kunakotisha watu bure. Hakuna faini ya pauni 30 kwa kila barua ya kukukumbusha. Wanachoweza kudai ni riba, na mpaka uwe umechelewa siku 14 au zaidi, isiyozidi asilimia 3 juu ya riba ya Benki Kuu ya Uingereza. Tuseme riba ya benki ni asilimia 4, kwa hiyo jumla 7, na umechelewesha zile 900 kwa siku 20. Unadaiwa pauni 3.45. Bado lipa kwa wakati, lakini usilale macho kwa pauni tatu.

Hatua ya 6: Kama umeshalipa

Andika barua pepe. Simu haiachi alama. Taja kiasi, tarehe, na sheria kwa jina, uombe zirudi ndani ya siku 14. Nimeona barua ya mistari minne ikirudisha pauni 240 kesho yake asubuhi, maana halmashauri inaweza kumtoza wakala mamia hata maelfu ya pauni kwa kosa la kwanza. Akikaa kimya, una njia tatu: kitengo cha halmashauri cha kulinda wateja, Trading Standards, kile chombo cha usuluhishi cha hatua ya 1 (baada ya wiki 8 tangu ulalamike kwa wakala), au kudai kwenye baraza la First-tier Tribunal.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo kaka. Nafanya kazi ya kutunza wazee. Kwenye fomu niliandika mshahara pamoja na ovataimu, mwajiri akawajibu kwa mshahara mtupu. Wakala amekataa kunipa nyumba na amebaki na pesa yangu ya wiki moja. Ni haki?

Jibu: Marahaba dada. Kukwama kwenye ukaguzi peke yake si sababu ya kubaki na pesa. Taarifa ya kupotosha ni sababu. Kwa hiyo ugomvi wenu upo kwenye neno moja la fomu. Kama iliuliza "mapato yako", ovataimu ni mapato. Wapelekee hati za mshahara za miezi mitatu waone wastani. Kama iliuliza mshahara wa msingi, umewapa mwanya. Vyovyote vile, wamekupa sababu kwa maandishi ndani ya siku 7? Anza na hilo.

Swali: Sina mdhamini hapa. Wakala anasema lazima ninunue huduma ya kampuni fulani ya udhamini. Nitafanyaje?

Jibu: Neno "lazima" ndilo tatizo. Hawaruhusiwi kukulazimisha kuingia mkataba wa huduma au bima na kampuni nyingine ili upate nyumba, ukitoa huduma kama umeme na intaneti. Wanaweza kukupa kama chaguo mojawapo. Mwandikie umuulize chaguo jingine ni lipi. Wana haki pia ya kukataa mpangaji asiye na mdhamini, kwa hiyo uliza kwa upole.

Swali: Mkataba unasema nikihama nilipe pauni 150 za kusafisha zulia na kampuni yao.

Jibu: Kifungu hicho hakikubani. Unatakiwa kuiacha nyumba safi kama ulivyoikuta, ukisafisha kwa mikono yako au kwa mashine ya kuazima. Wakisema ni chafu, wataomba kukata kwenye amana, na ule mpango wa amana utaamua bure kwa kutazama picha. Kwa hiyo piga picha za zulia siku unayoingia, kabla hujaweka hata kiti. Picha ya siku ya kutoka peke yake haikusaidii.

Swali: Kuna ndugu yetu anatutafutia vyumba, anachukua pauni 200 ya ufunguo. Naye yumo kwenye sheria hii?

Jibu: Inategemea ametumwa na nani. Kama anamfanyia kazi mwenye nyumba, anatafuta wapangaji kwa niaba yake, huyo ni wakala hata kama ofisi yake ni simu, na hawezi kukutoza. Kama wewe ndiye uliyemwajiri akutafutie, na kwa nyumba hiyo hana uhusiano na mwenye nyumba, malipo yake ni makubaliano yenu. Wengi wanakula pande zote mbili. Muulize mwenye nyumba: "Huyu unamlipa?" Najua ni vigumu kumshtaki mtu mnayekutana msibani. Lakini ile "ya ufunguo" ni kilemba tu kilichovuka bahari.

Swali: Nahamia Glasgow mwezi ujao. Ni hivi hivi?

Jibu: Uskoti ni wakali zaidi. Kinachodaiwa huko ni kodi na amana inayorudishwa, na amana inaweza kufika kodi ya miezi miwili. Hata kishika uchumba hakiruhusiwi. Welisi wana sheria yao inayofanana na ya England, ilianza 1 Septemba 2019.

Swali: Nimepoteza kile kidude cha kufungulia geti. Wanataka pauni 95.

Jibu: Waombe risiti. Kama ndiyo gharama, utalipa. Mwenzangu mmoja aliomba hivyo hivyo kwa bei hiyo hiyo, risiti ikaja ya pauni 18.