Tumbo likigoma njiani: mwongozo kwa wakimbiaji wa masafa marefu wa Tabora

Ukikimbia saa tatu au zaidi, damu nyingi huelekea kwenye misuli, na jua likiwa kali nyingine hukimbilia kwenye ngozi ili mwili upoe. Tumbo hubaki na kidogo. Ulichokunywa kinakwama, na ndipo kichefuchefu, msokoto na kuhara vinapoanza. Ndiyo maana kinywaji kilichokukubali Juni kwenye barabara ya Urambo kinaweza kukutapisha Oktoba, kwa mwendo uleule.

Asali yetu inafaa sana kwa kazi hii, ila kwa kipimo. Ina glukosi na fruktosi, sukari mbili zinazopenya utumbo kwa milango tofauti, kwa hiyo mwili hupokea nguvu nyingi kuliko ukitegemea moja. Tatizo ni kwamba fruktosi ndiyo nyingi zaidi, na ikizidi hubaki utumboni, huvuta maji, huleta gesi na kuharisha. Anayelamba asali tupu kila baada ya kilomita chache anajitafutia hilo. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, weka vijiko viwili vya chakula vya asali, viwili vya sukari vilivyosawazishwa, na robo kijiko cha chai cha chumvi. Hapo una gramu 60 hivi za wanga. Usikoleze zaidi, kwani kinywaji kizito hukawia tumboni. Tumia asali ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi, kipimo hakitalingana.

Kunywa mafunda mawili matatu kila dakika 10 hadi 15, kama nusu lita kwa saa, na joto likizidi ongeza kidogo. Kula na ndizi mbivu moja ya wastani kila saa, ufikie gramu 50 hivi. Tumbo nalo hufundishwa: anza na gramu 30 kwa saa kwenye mazoezi marefu, panda taratibu kwa wiki kadhaa. Siku ya mashindano si siku ya kuonja kitu kipya.

Siku mbili kabla, punguza maharage, mboga za majani, karanga na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa). Ni vyakula vizuri, lakini nyuzinyuzi na mafuta yake yatakusumbua njiani. Kula wali, au ugali wa sembe badala ya dona. Mlo wa mwisho uwe muda wa saa tatu kabla ya kuanza. Na tafadhali, usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili uzuie maumivu: hukwangua utando wa tumbo na kuumiza figo zilizokwisha kupungukiwa maji.

Tumbo likianza kugoma, punguza mwendo kwanza, kabla ya kutafuta dawa yoyote. Tembea dakika 10 chini ya mwembe, mwagia maji kichwani na shingoni. Ukisikia maji yanacheza tumboni, acha vitu vitamu hadi yatulie, kisha rudi na mafunda ya maji yenye chumvi kidogo. Ukitapika, sukutua, ngoja dakika kadhaa, anza na funda moja moja. Ukiharisha, hama kwenye asali uende kwenye ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji, bila kuongeza sukari.

Kosa lenye hatari kama kukosa maji ni kunywa maji matupu kupita kiasi. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha, lakini uzito ukiongezeka, umezidisha. Vidole vikivimba, kichwa kikiuma na mtu akaanza kuchanganyikiwa, asipewe maji zaidi. Apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa damu kwenye choo au matapishi, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au kutapika kusikokoma hata baada ya kupumzika kivulini.