Ukishakabidhi mzigo kargo Istanbul, ongeza siku sita: namna ya kutembea Njia ya Likya

Sisi wa Kariakoo tunaijua Uturuki kwa Laleli na Merter, mitaa ya Istanbul inayouza nguo za jumla. Unatua, unalala hoteli ile ile, siku tano unazunguka kuchagua magauni na suruali, unapima kilo, unakabidhi kargo, unageuza. Nilifanya hivyo miaka saba bila kuona mlima hata mmoja. Safari ya nane niliongeza siku sita, nikashuka kusini na mdogo wangu wa kike, tukatembea kwa miguu kwenye milima inayoishia baharini. Nimesharudi mara mbili tangu hapo. Tiketi ya kwenda Istanbul tunaikata kila mwaka, na sehemu kubwa ya gharama iko humo; kilichobaki ni maandalizi, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Njia yenyewe huko wanaiita Likya Yolu. Inaanzia karibu na Fethiye, inafuata pwani ya Mediterania kuelekea mashariki mpaka karibu na Antalya, kilomita 540 hivi. Mwingereza aitwaye Kate Clow, aliyehamia Uturuki, ndiye aliyeunganisha njia za punda, za wachungaji na barabara za Kirumi zikawa njia moja yenye alama, ikafunguliwa mwaka 1999. Walikya ni watu wa kale wa pwani hiyo, na makaburi yao ya mawe utayakuta yamesimama katikati ya mizeituni, mbuzi wamelala kivulini mwake. Usiogope hizo kilomita 540. Chukua vipande, na mabasi madogo yakuunganishie.

Wakati wa kwenda

Aprili mpaka katikati ya Mei, au Oktoba. Oktoba inatufaa zaidi kwa sababu ndipo tunapofuata mzigo wa Desemba. Julai na Agosti usiende. Najua mtu wa Dar atasema joto nimelizaliwa, lakini joto la kule ni kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, na unaishiwa maji mwilini huku unajiona mzima. Tena kiangazi misonobari inakauka na kuwaka. Mwaka 2021 moto uliteketeza misitu mikubwa ya mikoa ya Muğla na Antalya, ambako ndiko njia inakopita. Kwa hiyo msimu wowote, usiwashe moto wa kuni. Chai iko vijijini.

Kabla ya kukata tiketi ya ndani, tazama siku ulizopewa kwenye viza. Mzigo ukichelewa kufungwa, siku za kutembea ndizo zinazoliwa.

Miguu iandaliwe Dar

Dar ni tambarare, na wengi wetu tunadhani kwa kuwa tunasimama dukani kutwa, miguu imekomaa. Kusimama si kupanda. Mimi nilianza wiki sita kabla. Stoo yangu iko ghorofa ya tano, kwa hiyo kila jioni nikishafunga duka nilipanda na kushuka ngazi mara sita, begi mgongoni lina chupa za maji. Wiki ya kwanza kilo tatu, wiki ya mwisho kilo nane. Na kushuka ushuke kwa ngazi, usichukue lifti. Kule kinachotesa magoti ni mteremko: mawe yanateleza, na kila hatua goti linapokea uzito wako na wa begi kwa pamoja. Ngazi za kushuka zinayafundisha mapaja kuzuia kishindo hicho.

Jumamosi moja tembea Coco Beach, juu kwenye mchanga mkavu unaozamisha mguu, usifuate ule mgumu wa majini. Vifundo vya miguu vitachoka, na ndicho unachokitaka. Jumamosi nyingine nenda msitu wa Pugu upande wa Kisarawe, upate mizizi, udongo na vilima vifupi.

Wiki mbili kabla ya safari fanya mtihani kamili. Panda treni ya SGR ya asubuhi, chini ya saa mbili uko Morogoro. Tafuta mtu wa kukuongoza, panda mlima Uluguru mpaka Morningside ukiwa na viatu vile vile, begi lile lile na soksi zile zile utakazokwenda nazo. Kama kuna mahali patakapochubua, ni heri upajue Morogoro, ambako duka la dawa liko karibu na kesho yake uko nyumbani.

Viatu na begi

Hapa nina uchungu napo. Safari ya kwanza nilinunua buti za mtumba, nzuri, nene, za kampuni kubwa, kwa bei ya kutupa. Siku ya pili njiani soli ya mguu wa kulia ikafunguka kuanzia kidoleni kama mdomo. Nikaifunga kwa kamba ya begi, nikatembea hivyo saa tatu juu ya mawe ya chokaa yenye makali. Sababu niliijua baadaye kwa fundi viatu wangu: buti ikikaa miaka mingi bila kuvaliwa, gundi na povu la soli huoza ndani kwa ndani ingawa ngozi inang'aa. Kwa hiyo ukinunua mtumba, ikunje soli mara kumi, bonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Ikitoa unga au ikipasuka vinyufa, iache. Ikiwa nzima, mpelekee fundi ashone kuzunguka soli yote kwa uzi mnene, kisha uivae mjini wiki tatu. Chukua inayozidi namba yako nusu, maana miguu huvimba na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele.

Begi lisizidi kilo saba kabla ya maji. Mizani ya kuning'iniza tunayo, ile ya kupimia mizigo, itumie. Mimi nabeba suruali pana mbili (dera linashikwa na miiba, usijaribu), blauzi za mikono mirefu, jaketi la mvua, sweta, tochi ya kichwani, pawabenki, plasta, vidonge vya kusafishia maji, filimbi na kanga mbili. Kanga ni taulo, shuka, kivuli na msala. Sweta usilidharau: usiku wa Aprili kule juu ni kama Lushoto mwezi wa saba. Vitu vingine vyote viache kwenye hoteli Istanbul.

Kusoma alama

Alama ya njia ni mistari miwili, mwekundu na mweupe, iliyopakwa juu ya jiwe au shina la mti. Mistari ikipinda, njia inapinda huko. Ukiona imechorwa kama herufi X, hiyo njia siyo, hata kama ni pana na inavutia. Somo lenyewe ni hilo tu, lakini kulitii ndiyo kazi, kwa sababu mbuzi wa kule wamechora vijia vyao kila upande na vyote vinafanana na njia ya watu.

Kanuni yangu: nikitembea dakika kumi bila kuona alama, nasimama, nageuka, narudi mpaka alama ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu. Sikati kona kuitafuta mbele. Siku tuliyoivunja kanuni hiyo, juu ya kijiji cha Kabak, mdogo wangu alisema bahari si ile pale, tushuke tu. Tukashuka kijia cha mbuzi kikaishia kwenye genge, bahari iko chini kabisa na hakuna pa kukanyaga. Kupanda tena kulituchukua saa nzima na maji karibu yote. Pwani ya milima haiko kama ya kwetu. Kwetu ukiiona bahari umefika. Kule unaweza kuiona siku nzima na usiwe na pa kuifikia.

Pakua ramani ya njia kwenye simu ukiwa bado na intaneti ya hoteli. Kila asubuhi mwambie mwenye nyumba ya wageni unakwenda kijiji gani. Namba ya dharura ni 112.

Maji, chakula, mbwa

Beba lita tatu kila mtu. Vijijini kuna mabomba na chemchemi, mara nyingi penye msikiti, na hapo utajaza chupa, utatawadha na kuswali bila mtu kukushangaa. Katikati ya vijiji utakutana na matangi ya kale ya mawe ya kuvuna mvua, yameezekwa kuba. Kwa mtu wa pwani yetu ni birika lililojengewa paa. Maji yake tia kidonge kwanza.

Usiku tunalala pansiyon, nyumba za wageni za kifamilia. Unapewa chakula cha jioni na kifungua kinywa. Cha njiani nunua mjini: mkate, zeituni, jibini, nyanya, karanga. Vijiji vingine havina duka. Beba lira taslimu.

Mbwa wa wachungaji ni wakubwa na wanafanya kazi yao. Usikimbie. Simama, ita mchungaji, inama kama unaokota jiwe, kisha lizunguke kundi kwa mbali, usilipite katikati.

Siku sita, vipande vyangu

Ndege ya Istanbul mpaka Dalaman ni saa moja na dakika kidogo. Toka uwanjani uende Fethiye, lala, asubuhi panda dolmuş mpaka Ovacık. Dolmuş ni daladala yao, na jina lenyewe lina maana ya kujaa.

Siku ya kwanza ni Ovacık mpaka Faralya. Unapanda chini ya mlima Babadağ, mita 1,969, na watu wanaoruka na miamvuli wanapita juu yako kwenda kutua Ölüdeniz, ghuba iliyotulia kama maji ya bakuli. Ni siku ndefu, anza mapema. Faralya iko juu ya Kelebekler Vadisi, Bonde la Vipepeo, korongo lenye kuta za mawe wima na ufuo mdogo chini. Kuna kijia cha kamba kinachoteremka. Usikishuke, watu wamekufa pale. Ukilitaka bonde, lifuate kwa boti kutoka Ölüdeniz.

Siku ya pili ni fupi, Faralya mpaka Kabak, ndani ya misonobari. Oga baharini, pumzisha miguu, kwa sababu siku ya tatu ndiyo yenyewe: Kabak mpaka Alınca, kutoka ufukweni hadi takriban mita 700 juu. Ngazi zote za Kariakoo nilizipanda kwa ajili ya asubuhi ile. Tembea polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukifika juu utaiona pwani imekatika rasi baada ya rasi, rangi yake inafifia kadiri inavyokwenda mbali.

Siku ya nne rudi barabarani, panda basi mpaka Kaş. Ni siku ya kufua soksi, lakini mimi huwa natoka kuitazama Uluburun, rasi iliyo kusini mashariki mwa mji. Mwaka 1982 mpiga mbizi wa sifongo aliona vitu vya ajabu chini ya maji pale, na kuanzia 1984 hadi 1994 wataalamu wakaibua shehena ya meli ya biashara iliyozama miaka 3,300 hivi iliyopita. Ilikuwa na tani kumi za shaba, vipande vya kioo ghafi, pembe za tembo, meno ya viboko, na magogo ya mpingo. Ndiyo, mpingo, jamii ile ile wanayoichonga Mwenge. Mti huo unaota sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo sisemi ulitoka kwetu. Lakini nilikaa kwenye jiwe nikamfikiria mwenye mzigo ule, aliyesubiri meli isiyofika. Vitu vyenyewe vimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Bodrum.

Siku ya tano basi la kuelekea Antalya, upitie Demre na Finike penye michungwa, ushuke njia panda ya Çıralı. Jioni panda Yanartaş na tochi. Ni mwamba unaotoa gesi na kuwaka wenyewe, miali midogo midogo inayotoka kwenye nyufa, na imekuwa ikiwaka tangu enzi za kale. Siku ya sita fuata ufuo mpaka magofu ya Olympos. Tembea karibu na maji: kasa wanataga kwenye mchanga ule, na viota vilivyogunduliwa vimewekewa uzio, usivikaribie.

Lugha haitakusumbua sana. Dakika ni dakika, saat ni saa, kitap ni kitabu, haber ni habari. Jifunze su, maji, na kolay gelsin, neno la kumtakia heri mtu aliye kazini. Bibi mmoja wa Alınca aliyekuwa akichambua zeituni nilimwambia hivyo, akatuingiza ndani akatupa chai na mkate wa moto.

Kurudi, dolmuş ya Çıralı inakupandisha kilomita saba mpaka barabara kuu. Usivuke, kule magari hupita kulia; simama upande huo huo wa magari yanayokwenda kaskazini, punga mkono basi la Antalya. Kabla ya kuingia, piga buti zako chini udongo utoke, na umlipe kondakta ukiwa ndani.