Somo: Ukaazi wa miaka 10 Dubai kwa kununua nyumba (soma yote kabla hujauliza)

Kila wiki napata meseji ileile, "kaka eti ukinunua nyumba Dubai unapewa viza?" Ndiyo unapewa, ila ina masharti yake, na watu wetu wanaliwa hela kwa sababu masharti wanasimuliwa na dalali anayetaka kuuza. Naandika mara moja hapa, nikiulizwa tena naleta link.

1. Hela. Golden Visa ya miaka 10 inataka nyumba ya dirham milioni 2. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni 3.6725, kwa hiyo piga hesabu ya kama dola 545,000. Juu yake kuna ada ya Dubai Land Department (idara ya ardhi) ya asilimia 4, yaani dirham 80,000 zingine, na dalali kwa kawaida anachukua asilimia 2. Mwenye milioni 2 kamili bado hajafika.

2. Eneo. Mgeni hanunui popote, ni maeneo ya freehold tu, yaani ambako mgeni anaruhusiwa kumiliki kabisa: Marina, Downtown, Business Bay, JVC (Jumeirah Village Circle), Palm na mengineyo.

3. Dalali. Awe na kadi ya RERA, mamlaka inayosimamia madalali wa nyumba. Pakua app ya Dubai REST umtafute mwenyewe, asipoonekana humo achana naye hata kama mnatoka kijiji kimoja.

4. Manunuzi. Mnasaini Form F (mkataba wa mauziano), unaweka cheki ya dhamana, kawaida asilimia 10, muuzaji analeta NOC (barua ya kutokuwa na pingamizi) ya developa, yaani kampuni iliyojenga, kwamba hadaiwi sevisi chaji, mnaenda ofisi ya trustee (inayosajili mauzo), unatoa cheki ya benki, hati inatoka kwa jina lako.

5. Vyeti vya familia. Hapa ndipo sisi tulipokwama kwa hiyo soma polepole. Nyumba tuliandikisha mimi na mke wangu. Ukinunua na mtu baki kila mmoja anahesabiwa fungu lake, lakini mume na mke mnaruhusiwa kuunganisha mkafika hiyo milioni 2, mradi cheti cha ndoa kiwe kimethibitishwa. Sisi tulikuwa na cheti orijino, kina muhuri, kinang'aa, tukajua yamekwisha. Hawakupokea. Kwa Tanzania cheti kinaanzia RITA (wakala wa usajili wa vizazi na ndoa), kinaenda Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa UAE pale Dar, ukifika Dubai wizara yao ya mambo ya nje nayo inagonga ya kwake, halafu ndio kitafsiriwe Kiarabu na mtafsiri mwenye leseni. Ruka kituo kimoja na utajikuta unatuma karatasi nyumbani na kumsumbua shemeji akapange foleni.

Na MAJINA. Cheti kinasema Saidi, pasipoti inasema Said. Cheti kina majina mawili, pasipoti matatu. Kwetu hiyo haimsumbui mtu, kule wanakuona watu wawili tofauti. Nyoosha kabla hujalipa hata senti ya nyumba, na kama umetumia hati ya kiapo basi nayo ipite njia ileile ya mihuri. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilevile.

6. Maombi. Hati, pasipoti, picha, bima ya afya ya UAE, kupima damu na eksirei ya kifua, alama za vidole, Emirates ID (kitambulisho cha mkaazi). Kama namba 5 iko sawa hapa hakuna kazi.

MASWALI

Swali: Mkuu nina dirham laki 6, hiyo ya miaka 10 napata?
Jibu: Soma namba 1.

Swali: Je nikiwa na fleti mbili ndogo badala ya moja kubwa?
Jibu: Zinajumlishwa, mradi zote ziko Dubai na hati zina jina lako.

Swali: Wewe umetumwa na madeveloper, nyie ndio mnaoliza watu.
Jibu: Sijataja kampuni hata moja na sina dalali wa kumpa mtu. Kama kuna mstari wa uongo unukuu hapa tuujadili.

Swali: Mimi niko Mombasa, duka langu liko huku, siwezi kuhamia moja kwa moja. Nikikaa nje sana si itakufa?
Jibu: Umeuliza la maana dada. Ukaazi wa kawaida wa kule ukipitisha miezi 6 nje unafutika, Golden haina sharti hilo, na ndio maana inawafaa wafanyabiashara wetu. Kinachoiua ni kuuza nyumba ukabaki chini ya milioni 2. Na elewa sio uraia, ni ukaazi, miaka 10 ikiisha unaomba upya ukiwa bado unamiliki.

Swali: Kuna fleti haijaisha kujengwa, bei poa, dalali anasema nitume booking kwenye akaunti yake leo maana kesho inapanda.
Jibu: USITUME. Sheria namba 8 ya 2007 inataka hela ya nyumba isiyoisha iingie akaunti ya eskro (akaunti maalumu inayolindwa) ya mradi wenyewe, sio ya dalali. Na mkataba usajiliwe Oqood (rejista ya nyumba zisizoisha), bila hiyo huna kitu mkononi. Bei ikipanda kesho ipande.

Swali: Vipi Ulaya, si bora huko?
Jibu: Hispania walifunga Aprili 2025, Ureno waliitoa nyumba kwenye mpango wao 2023, Ugiriki bado ila kwa Athens ni euro 800,000. Uturuki ukaazi unaanzia nyumba ya dola 200,000.

Swali: Samahani kwa swali zito, mzee wetu ana nyumba kule na tuko kwenye viza yake. Akitangulia?
Jibu: Mungu ampe umri. Mwenye Golden akifariki, familia inaruhusiwa kubaki mpaka muda wa vibali vyao uishe, hamfukuzwi kesho yake. Nyumba inaingia mirathi, mkiwa Waislamu inagawanywa kisharia, asiye Mwislamu anaweza kusajili wasia DIFC (kituo cha fedha cha Dubai chenye mahakama yake). Kama vyeti vyenu vya kuzaliwa havijapita mihuri yote, vipitisheni sasa mzee akiwa mzima, majina yafanane na ya pasipoti yake.