Kabla Hujaongeza Kasi ya Prosesa Yako

Kabla ya kufungua bayosi, yaani programu ya mipangilio iliyo kwenye ubao mama wa kompyuta, ili uongeze kasi ya prosesa (chipu inayofanya kazi zote za hesabu), chukua karatasi uandike namba mbili: volteji ambayo hutaivuka na nyuzi za joto ambazo hutazivuka. Ziandike mchana, akili ikiwa imetulia. Ikifika saa sita usiku na mashine imebakiza kidogo tu kufikia kasi uliyoitamani, mkono hauambiliki.

Hakikisha pia mashine yako inakubali jambo hili. Kompyuta nyingi za mtumba za ofisini zinazouzwa katikati ya jiji la Nairobi zimefungwa kasi isibadilishwe, na hakuna ujanja utakaozifungua. Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa jina la prosesa, pamoja na ubao mama wa aina ya Z. Ryzen, yaani prosesa za AMD, karibu zote ziko wazi, ila ubao mama wa aina ya A320 au A520 utakukatalia.

Sasa hizo namba mbili. Watu wengi huogopa joto na kuisahau volteji, nami naona wameligeuza jambo. Joto lina mlinzi: Intel Core nyingi zikifika nyuzi 100, au Ryzen 7000 zikifika 95, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Volteji uliyoipandisha kwa mkono haina mlinzi wa namna hiyo. Inaila prosesa polepole na huoni kitu, mpaka siku moja mashine inaanza kuzima ovyo katika kasi ileile iliyoimudu mwaka mzima. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa sababu ya volteji iliyopanda kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya kuibana isizidi volti 1.55. Hizo zilikuwa mashine ambazo wengi hawakuwa wamezigusa. Mimi kwa Intel za kizazi cha 8 hadi cha 10 sivuki 1.35, na joto nyuzi 85.

Piga hesabu ujionee. Joto linalozalishwa hupanda sambamba na kasi, lakini volteji huzidishwa kwa yenyewe. Ukitoka 1.20 hadi 1.35, na kasi ikatoka GHz 4.2 hadi 4.6, prosesa iliyokuwa ikila wati 100 itadai karibu 139. Kasi umeongeza chini ya asilimia 10, mzigo wa joto karibu 40.

Usidanganywe na baridi ya Nairobi. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Feni inazunguka vilevile, ila inasukuma hewa inayobeba joto kidogo. Halafu kuna vumbi. Juzi nilimfungulia jirani mashine anayohariria video za harusi: katikati ya mapezi ya kipoza joto vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi, likatoka kipande kizima. Pesti iliyo juu ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye kipoza, ilikuwa imekauka, nikiikwaruza inapukutika kama chokaa. Tulisafisha, tukapaka mpya, joto likashuka nyuzi 14 bila kugusa kitu kingine. Anza hapo. Huenda ukagundua kwamba hukuhitaji zaidi.

Stima ikipotea unaposasisha bayosi, ubao mama unaweza kufa, kwa hiyo azima UPS, betri ya akiba ya kompyuta, kama huna. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje uichomoe kabisa, maana kasi isiyo imara huharibu mafaili kimyakimya. Soma masharti ya waranti. Na ujue mapema pini za kufuta mipangilio ya bayosi ziko wapi, au betri ile ndogo ya duara ya CR2032 kwenye ubao mama inavyotoka. Ni vigumu kuzitafuta kwa tochi ya simu skrini ikiwa nyeusi.

Panda MHz 100 kwa wakati mmoja, ukiipima kila hatua kwa Prime95 au OCCT, programu za kuichosha prosesa, huku programu ya HWiNFO ikikuonyesha volteji na joto. Kipimo cha mwisho kifanye saa nane mchana mwezi wa Februari, dirisha limefungwa. Ikipita saa nzima bila kuvuka namba zako mbili, iache hapo.